Sato simtaki, pemba naitaka: hivi hamu ya mjamzito inatoka wapi?

#1 BintiNansio
Habari za jioni wadau.

Mimba ya kwanza, miezi minne. Naishi Nyegezi, Mwanza, kazi yangu ya ofisini. Tangu mwanzo nilijiapiza sitakuwa mjamzito wa kanga moja na kandambili, anayezunguka nyumba akishika kiuno. Nimeshashonesha magauni ya kitenge yenye kiuno cha mpira, kichwa kinasukwa nywele zikianza tu kuchakaa, na mezani nataka vya maana.

Tatizo ni mdomo. Mume wangu kila Jumamosi alfajiri yuko soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anarudi na sato wabichi kabisa, matamvua mekundu. Zamani ningemla mpaka macho. Sasa hivi harufu ikianza tu kupanda jikoni, mimi niko uani. Ninachotaka ni wale samaki wadogo, furu, waliokaangwa mpaka wakakauka, embe bichi la chumvi na pilipili, barafu ya ukwaju na, msinicheke, pemba, ule udongo wa kula. Kahawa ya saa nne asubuhi nayo imenishinda kuacha.

Mama mkwe anasema sato ndiyo akili ya mtoto, nikimkataa nitazaa mtoto mzito darasani. Shoga yangu wa kazini anasema mwili unajua unachotaka, kula. Mimi nipo upande wa shoga: hamu ni mwili unaomba, na mwenye mimba apewe. Mnipinge kwa hoja.

#2 KirumbaBoy
Ni kudeka. Uzi unaweza kufungwa.

#3 MamaPacha_Igoma
KirumbaBoy, wewe hujawahi kubeba hata mfuko wa saruji, nyamaza kwanza wenye matumbo waongee.

Hongera mdogo wangu. Ila hoja yako ya "mwili unaomba" mimi inanipa shida. Mimba yangu ya kwanza nilichukia harufu ya mume. Siyo samaki, mume. Anarudi, anaoga, anajipaka mafuta, namwonyesha kochi la sebuleni. Mimba ya pili, ya hawa mapacha, sikuchukia chochote, nilikula kila kilichopita mbele ya uso mpaka viatu vikagoma kuingia. Mwili ni huuhuu. Kama unajua unachotaka, mara ya kwanza ulikuwa unamkataa baba wa watoto kwa upungufu wa vitamini gani?

#4 Ngalawa_Kuukuu
Kwa huyo mama mkwe, salamu zake nyingi, lakini sato kumfanya ndiye samaki wa akili na wa jadi si sawa. Sato huyu tunayemla siku hizi ni mgeni Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950. Sangara naye aliingizwa kuanzia miaka hiyo hadi mwanzoni mwa 1960. Bibi zetu walizaa na kunyonyesha kwa ngege, ningu, nembe na hao furu. Sangara alipopanda juu miaka ya 1980, furu wakapukutika, aina nyingi hazijaonekana tena. Binti akitamani furu hajaasi mila za mtu.

#5 BintiNansio
#4 naipiga picha naiweka kwenye kundi la familia 😂

#6 Mhaya_wa_Pasiansi
Usithubutu. Mama mkwe hashindwi hoja, anaahirisha tu.

Kuhusu kahawa usitishwe. Kwetu Bukoba kahawa inatafunwa, mgeni anakaribishwa kwa kahawa, harusi kahawa, msiba kahawa. Mama yangu ametafuna mimba zote na watoto wote wamesoma, isipokuwa mimi.

#7 NesiMstaafu
Salamu kwenu. Nimekaa kliniki ya wajawazito miaka mingi, ngoja niseme kidogo kabla uzi haujahamia kwenye mpira.

Kahawa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito anayepitisha miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, na nchi nyingine zimeweka mstari kwenye 200. Kikombe kimoja cha kawaida kina kama 100, chai kama nusu ya hapo. Kwa hiyo kahawa yako moja ya saa nne kunywa kwa amani. Wanaonitia wasiwasi ni wale wa kahawa asubuhi, chai mchana, kola jioni na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu katikati, halafu wanasema "mimi nakunywa kahawa moja tu". Na usiinywe juu ya chakula wala juu ya vidonge vya damu. Chai na kahawa zinazuia madini ya chuma yasinyonywe. Acha ipite saa moja au mbili.

Samaki. Mtoto anahitaji samaki, hakuna aliyesema lazima awe sato. Wengi wanaomchukia miezi ya mwanzo wanamrudia baadaye. Kwa sasa mle huyo furu, au dagaa. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa kalisi, yale madini ya mifupa, anampita sato wa minofu kwa mbali. Osheni mchanga tu vizuri.

Pemba tutaongea. Swali moja kwanza: umeshapimwa wingi wa damu? Ilikuwa ngapi?

#8 KirumbaBoy
Nesi kaingia, darasa limenyooka.

#9 BintiNansio
Shikamoo mama. Ilikuwa 9.8.

#10 NesiMstaafu
Marahaba mwanangu. Chini ya 11 kwa mjamzito ni upungufu wa damu. Nilitegemea. Vidonge vya FeFo, vile vya kuongeza damu, unameza?

#11 BintiNansio
Vinanipa kinyesi cheusi na kichefuchefu. Nameza nikikumbuka.

#12 MamaPacha_Igoma
"Nikikumbuka" 🤣 Pemba lakini hajawahi kuisahau.

#13 Mtafiti_Uchwara
Nimeusoma uzi wote, nije na yangu. Kuna mambo mawili mmeyachanganya: kuchukia na kutamani. Huenda hayana chanzo kimoja.

Kuchukia: wapo wanaosema kichefuchefu ni mlinzi. Wiki za mwanzo, viungo vya mtoto vikiwa vinaumbwa, mwili unamkimbiza mama na vyakula vinavyobeba vijidudu kirahisi, nyama na samaki vikiwa mbele. Ndiyo maana wengi wanakataa kitoweo na siyo ugali. Halafu mwishoni mwa 2023 watafiti wa Cambridge na wenzao walitoa kazi kuhusu homoni inayoitwa GDF15. Inatoka kwa wingi kwenye mimba yenyewe, na mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya kushika mimba ndiye anayeteseka zaidi. Hapo MamaPacha anaweza kupata jibu lake, maana kila mimba inakuja na kiasi chake.

Kutamani: hapo sayansi inababaika. Udongo na barafu vinahusishwa na upungufu wa madini ya chuma. Embe bichi hakuna anayejua.

#14 MamaPacha_Igoma
Mlinzi? Mbona mlinzi huyo analala zamu ya pemba? Samaki mbichi wa asubuhi anafukuzwa, udongo uliokanyagwa na ng'ombe unafunguliwa geti. Mimi hiyo siinunui.

Na mimba ya mapacha, homoni si ingekuwa maradufu? Nilikula kama fundi.

#15 Mtafiti_Uchwara
Kwa wengi mapacha huja na kichefuchefu kikali zaidi, kweli. Wewe umetoka nje ya mstari dada.

#16 ShangaziWaButimba
Mnahangaika na makaratasi. Mimi nawapa ya wakubwa. Ukitamani vichachu, wa kiume. Ukitamani vitamu, wa kike. Ukichukia samaki, mtoto ana jina la babu ambaye hakuwa mvuvi, mtulizeni kwa kumpa jina. Na mayai ziacheni, mtoto atatoka na kipara. Samaki kamongo ndiyo kabisa, kwetu mwanamke hamgusi hata hana mimba.

#17 Ngalawa_Kuukuu
Shangazi, kamongo walikatazwa wanawake kwa kuwa wanaume walimpenda. Hiyo miiko ukiichunguza, kinachokatazwa huwa ndicho kinono: yai, figo, firigisi, kamongo. Sijawahi kusikia mwiko wa mlenda.

#18 ShangaziWaButimba
Wewe mwanamume mtu mzima unanijibu hivyo hadharani?

#19 NesiMstaafu
Shangazi, heshima yako, lakini kwa mayai naomba nisimame. Yai lililoiva vizuri ni protini ya bei ndogo hapa mjini. Nimepokea watoto wa kina mama waliokula mayai na wa waliokatazwa, vipara ni vilevile. La kuacha ni yai bichi au la kukaanga nusu, na maziwa yasiyochemshwa. Hapo simung'unyi maneno: maziwa mabichi ya ng'ombe yanaleta homa ya kutupa mimba, na jina limejieleza. Maziwa mgando ukiyataka, ulizia kama yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

#20 Msusi_Makoroboi
Jamani mada inasema kupendeza pia, mbona mmekimbilia sufuria?

Mimi nasuka na kupamba, nimeona mengi. Wajawazito wanaingia saluni wanaogopa kusuka eti mtoto atazaliwa na kitovu shingoni. Kusuka hakuna shida, shida ni kukaa saa sita kwenye kigoda bila kunyoosha miguu. Mimi nawainua wakatembee. Kusukwa kwa kubanwa mno nako mtaumia bure, nywele za mjamzito zinajaa sasa halafu zinakatika baada ya kuzaa, usiongeze.

Kinachonitisha ni mkorogo. Tumbo likianza, uso unapata mabaka, anakuja anataka "kitu cha kusawazisha". Krimu zile zenye zebaki na haidrokwinoni zilishapigwa marufuku nchini, bado zinapita chini ya meza. Zebaki inaingia kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inamfuata mtoto. Mtu anaogopa yai halafu anajipaka hiyo mwili mzima! Mabaka yenyewe mengi yanafifia mkishajifungua. Kofia pana na mafuta ya kuzuia jua vinatosha. Na piko lile jeusi la kuunguza mikono liacheni, chukueni hina ya majani ya kweli, inatoka nyekundu ya matofali, inapendeza vilevile.

#21 BintiNansio
Kofia pana! Umenipa sababu ya kununua moja. Picha za tumbo nilipanga kupigia ufukweni, nimesimama ndani ya maji, gauni jeupe linaelea.

#22 Picha_CapriPoint
Dada, kama mpigapicha nakwambia gauni jeupe kwenye maji ya ziwa linatoka la kijani. Panda juu ya mawe, nyuma yako ziwa lote. Nuru ya saa kumi na moja jioni inakubali kila ngozi. Nawapiga wengi pale, na kiatu kirefu unavaa wakati wa kupigwa tu, ukishuka ni sandali, mawe yale hayamjui mjamzito.

#23 NesiMstaafu
Umeniwahi mpigapicha. Mimi sababu yangu ni kichocho. Ufukwe wenye magugu na konokono ndiyo nyumba yake. Vimelea vinapenya ngozi dakika chache tu ukisimama majini. Mjamzito mwenye damu 9.8 hana damu ya kumgawia kichocho. Kama uliogelea zamani au ulikulia visiwani, sema kliniki, dawa ipo na kuna utaratibu wake kwa wajawazito.

#24 Ngalawa_Kuukuu
Mtoto wa Nansio huyo, kisiwani Ukerewe. Kaoga ziwani tangu hajajua kutembea.

#25 BintiNansio
Kweli kabisa, na kuchota maji pia. Sijawahi kuhusisha.

#26 Mtafiti_Uchwara
Ona sasa, uzi umepata njia nyingine. Kichocho na minyoo ya safura vinakunywa damu pole pole, damu inashuka, mtu anaanza kutamani udongo. Halafu udongo nao unamletea mayai ya minyoo. Kipi kilianza?

#27 Genge_Mabatini
Mimi pemba nauza, pamoja na nyanya na dagaa. Nisikilizeni mimi ninayeona wateja. Siyo wajawazito tu. Wasichana wa shule wananunua. Wanyonyeshaji. Kuna kina mama wa umri wa kukoma hedhi, na mzee mmoja mwanamume anadai ni ya mke wake ambaye alifariki zamani. Ikiwa ni damu, mbona kila mtu? Nadhani ni mazoea tu, kama sigara. Mtu anaanza kwa kuonjeshwa na mwenzake, halafu ile harufu ya mvua ikishaingia kichwani haitoki.

#28 KirumbaBoy
Mzee na pemba ya marehemu 😭 Huyo naye ana miezi mingapi?

#29 Mke_wa_Fundi
Napingana na Genge. Mimi nilikula pemba mpaka nikawa natembea nayo kwenye mkoba, ndani ya kimfuko cha vipodozi ili nisionekane. Damu ilikuwa 8. Nilipoanza vidonge nikavimeza kwa juisi ya ubuyu kama nilivyoelekezwa, na kila usiku bila kuruka, hamu ikaisha yenyewe. Siku moja nikaikuta kwenye mkoba nikajiuliza huu udongo wa nini.

#30 Mama_Buhongwa
Mimi nilimeza vidonge miezi yote, damu ikafika 12, pemba nikaila mpaka siku ya uchungu. Nimezaa, nikaacha palepale leba. Nielezeni na hiyo.

#31 Mtafiti_Uchwara
Ndiyo hapo. Nadharia ya damu inamweleza #29 vizuri, #30 inamwacha njiani. Wengine wanasema udongo wa mfinyanzi unatuliza tumbo na kunasa sumu, kumbukeni dawa za zamani za kuharisha ziliwekwa udongo mweupe wa kaolini. Wengine wanasema unanasa hata hayo madini ya chuma uliyokula, kwa hiyo damu inashuka kwa sababu ya pemba, siyo pemba kwa sababu ya damu.

#32 NesiMstaafu
Vyovyote iwavyo kuhusu chanzo, mimi nipo kwenye matokeo. Udongo wa kula umepimwa sehemu mbalimbali ukakutwa na madini ya sumu, risasi na aseniki. Uingereza mamlaka yao ya chakula inawaonya wajawazito waziwazi juu ya udongo unaouzwa kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Risasi hata ukiuchoma udongo haitoki. Binti, sikukatazi kwa fimbo. Punguza, meza FeFo usiku kabla ya kulala ili kichefuchefu kikukute usingizini, kinyesi cheusi ni kawaida, na tumia kitu chenye vitamini C: ubuyu mweupe usio na rangi, chungwa, au hilo embe lako. Tazama, embe bichi kumbe lina kazi.

#33 BintiNansio
Hapo nimeshinda! Embe ni mwili unaomba 💃🏾

#34 MamaPacha_Igoma
Umeshinda kwa embe, kwa pemba umefungwa. Sare.

#35 BabaK_Kisesa
Naomba niongee kwa niaba ya wanunuzi, maana mimi ndiye ninayetumwa.

Mke wangu yuko mwezi wa saba. Jana saa nne usiku katamani chips mayai, siyo za pale jirani, za kijana mmoja wa Buzuruga. Nimekwenda. Nimerudi. Kala vipande vitatu akasema zina harufu ya mafuta ya jana. Leo kataka miwa. Sato mkubwa siku hizi bei imeshaipita nyama, na wazuri wanakwenda viwandani na hotelini. Nyie mnaosema "apewe", apewe na nani?

Nauliza kwa nia njema: mjamzito anapaswa kula kiasi gani zaidi? Maana nyumbani naambiwa "tunakula wawili" na sahani inajazwa ya watu wazima wawili.

#36 NesiMstaafu
Swali zuri baba. Miezi mitatu ya kwanza, karibu hakuna nyongeza. Miezi ya katikati kama kalori 340 kwa siku, miezi ya mwisho kama 450. Hiyo 340 ni glasi ya maziwa na kiazi kitamu kikubwa chenye karanga kidogo, siyo sahani ya pili ya wali. Aliyeanza na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 mimba nzima.

Na bajeti usiiogope. Dagaa, maharage, nsansa (mboga ya majani makavu) iliyoungwa karanga, mayai, viazi vitamu vikavu vya matobolwa na michembe, ndizi, papai. Hicho ni chakula cha mjamzito wa kifahari, hata kama hakipigwi picha. Karanga zenye ukungu au chungu tupa, usizioshe ukala.

Chips mayai mara mojamoja haziui mtu. Soda ndiyo naisemea zaidi, chupa moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Ukiitamani, kunywa nusu ya baridi, nusu mpe baba K amerudi kuchoka.

#37 BabaK_Kisesa
Wabeja sana mama. Nusu soda nimeipokea.

#38 Mhaya_wa_Pasiansi
Ndizi zimetajwa mwishoni kabisa baada ya michembe. Tunaona.

#39 Msukuma_Halisi
Mhaya, michembe ilikuwepo wewe hujavuka ziwa. Ukichemsha na karanga za kusaga, maziwa mgando pembeni, mjamzito analala kama chatu. Nyie mnampa ndizi halafu anaamka usiku kutafuta chakula.

#40 Mhaya_wa_Pasiansi
Analala kwa sababu amechoka kutafuna.

#41 DadaWaKamanga
Nirudi kwa #35, mwezi wa saba. Kaka, huyo mkeo miguu inavimba? Mimi ya kwanza nilivimba nikaambiwa na majirani ni mtoto wa kike, ni maji tu, vaa viatu vya wazi. Nikawa naendelea kupendeza, pete nikavua ikawa haiingii. Halafu uso ukajaa, kichwa kikauma siku mbili, nikaanza kuona kama vimulimuli. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Nilipelekwa nikalazwa, mtoto akatolewa mapema, yuko darasa la pili sasa. Miguu kuvimba jioni wengi wanavimba. Ila uso na mikono, kichwa kisichosikia dawa, macho ya ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hapo usisubiri asubuhi.

#42 NesiMstaafu
Ahsante dada kwa kulisema. Hiyo ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Ndiyo maana mahudhurio manane ya kliniki yanapendekezwa tangu 2016 badala ya manne ya zamani, na kila mara presha na mkojo vipimwe. Na ndiyo sababu nyingine ya dagaa: kwa watu wanaokula kalisi kidogo, kuiongeza kunapunguza hatari hiyo.

#43 BabaK_Kisesa
Uso sijaona. Mikono nitaangalia akiamka. Nimesoma #41 mara mbili.

#44 Mtafiti_Uchwara
Kuna mtu aseme kuhusu zebaki ya samaki? Wachimbaji wadogo upande wa Geita wanatumia zebaki kusafisha dhahabu na mito inaingia ziwani. Au tunajifanya hatujui?

#45 Ngalawa_Kuukuu
Samaki mdogo, umri mdogo, sumu kidogo. Sangara mkubwa amekula wengi, amekusanya ya wote. Vipimo vilivyofanywa ziwani vilionyesha hivyohivyo, sangara wakubwa sana ndio wa kuangalia kuliko sato na dagaa. Mjamzito aachane na lile jitu la kilo thelathini, ale wa wastani. Tena furu anaibuka mshindi kwa mara nyingine, mwambieni mama mkwe.

#46 BintiNansio
Mama mkwe ameshasoma. Kajibu: "Huyo mzee wa ngalawa ni mwenyeji wa wapi?"

Swali la nyongeza. Maini. Nyumbani naambiwa yale kila siku kwa ajili ya damu. Ndiyo au hapana?

#47 NesiMstaafu
Hapa wataalamu wenyewe hawako sauti moja. Maini yana chuma kingi, kwetu yamesifiwa miaka yote. Lakini yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi sana miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo Uingereza wajawazito wanaambiwa wasile kabisa. Mimi binafsi nawaambia wangu: kipande kidogo mara mojamoja baada ya miezi mitatu, siyo kila siku, na yaive. Nesi mwenzangu atakwambia tofauti.

#48 Nesi_Mwingine_Ilemela
Nakwambia tofauti. Kwa damu 9.8 na pochi ya kawaida, maini mara moja kwa wiki ni bora kuliko kutokula nyama kabisa. Uingereza wana vyakula vingine vingi vya kuchagua.

#49 NesiMstaafu
Mara moja kwa wiki na mara mojamoja si mbali sana mwenzangu. Kila siku ndiyo tunaikataa wote.

#50 KirumbaBoy
Nimekaa kimya tangu #28, naomba nafasi. Shemeji yangu mke wake alikuwa mjamzito, yeye ndiye aliyekuwa akitapika asubuhi na kutamani embe. Mke alikuwa mzima anakula pilau. Hiyo nayo ni homoni, ni damu, au jina la babu?

#51 ShangaziWaButimba
Hiyo ni mapenzi. Mwanamume kama huyo atunzwe.

#52 Mtafiti_Uchwara
Ipo, imeandikwa sehemu nyingi duniani. Wengine wanasema wasiwasi, wengine kwamba homoni za baba nazo zinabadilika.

#53 MamaPacha_Igoma
Au ni kudeka. Si ndivyo ulivyotuambia #2?

#54 KirumbaBoy
Nilijua itarudi.

#55 Genge_Mabatini
Furu wakavu wapo kwangu kuanzia kesho, embe nazo za Sengerema zinashuka mapema siku hizi tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025, hazilali foleni ya kivuko. BintiNansio njoo. Pemba sikuuzii, nimesoma uzi.

#56 BintiNansio
Unamfukuza mteja kwa sababu ya uzi wake mwenyewe!

#57 Mgeni_Mwananchi
Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni wiki ya kumi na nane, pemba siitaki, barafu siitaki. Tumepaka lipu mpya chumbani na ile harufu ya saruji ikilowa maji inanitoa mate. Nimeshagusa ukuta kwa ulimi. Ni kawaida?

#58 NesiMstaafu
Mwanangu, kesho asubuhi nenda kliniki upime damu. Leo usiku lala chumba kingine.

#59 MamaPacha_Igoma
Na fundi asilipwe mpaka ukuta upimwe upya.